Lami imefika Moyale, maji na msaada wa njiani bado

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie barabara kuu ya A2, hasa kipande cha kutoka Isiolo kupitia Marsabit hadi Moyale, ambacho nimekipita kikazi kwa zaidi ya miaka ishirini, kwanza nikiwa utingo juu ya malori ya mifugo na baadaye nikiwa dereva. Ninaandika sasa kwa sababu likizo ya Desemba inakaribia, na kila mwaka wakati huu familia nyingi kutoka Nairobi, Meru na Nanyuki hujaza magari madogo na kuelekea kaskazini, nyingine kwa mara ya kwanza, zikiamini kwamba palipo na lami pana pia yale yote yanayoandamana na lami. Katika njia hii sivyo.

Asiyeijua njia hii anahitaji kwanza kuelewa ukubwa wake. Kutoka Isiolo hadi Moyale ni takriban kilomita 500, na Marsabit, iliyo karibu na katikati, ndiyo mji pekee mkubwa kati ya ncha hizo mbili. Ukishavuka mto Ewaso Ng'iro pale Archers Post, ukaupita mlima Ololokwe, ukaziacha nyuma Sereolipi na Merille, unaingia jangwa la Kaisut, ambako kati ya Laisamis na Logologo hakuna ila nchi tambarare, kavu, yenye vichaka vifupi vya miiba. Marsabit yenyewe ni mlima wa msitu na ukungu. Ukiteremka upande wa pili unaikuta Dida Galgalu, uwanda wa mawe meusi yaliyotapikwa na volkano za zamani, na kutoka Marsabit hadi Turbi, kilomita kama 120, kituo cha maana njiani ni Bubisa peke yake.

Kabla ya lami, kilomita hizo zilikuwa safari ya siku mbili wakati wa kiangazi, na wakati wa mvua hakuna aliyethubutu kutaja siku ya kufika. Barabara ilikuwa ya changarawe iliyokunjamana kama bati, na mawe ya Dida Galgalu yalikata tairi kama wembe, kiasi kwamba lori lililotoka Isiolo na spea moja lilihesabiwa kuwa limetoka bila spea. Kwa hofu ya majambazi tulisafiri kwa msafara, askari wakiwa juu ya lori la mbele na la nyuma. Kisha lami ikaanza kupanda kidogo kidogo kutoka kusini: kwanza Isiolo hadi Merille, kilomita 136, halafu vipande vya kuelekea Marsabit, Turbi na Moyale, Benki ya Maendeleo ya Afrika ikibeba sehemu kubwa ya mzigo na Umoja wa Ulaya ukigharamia kipande cha Merille hadi Marsabit. Kufikia mwaka 2017 lami ilikuwa imeungana, na mtu aliweza kuondoka Isiolo baada ya sala ya alfajiri akala chakula cha mchana Moyale. Mnamo Desemba 2020 kituo cha pamoja cha mpakani kikazinduliwa rasmi, na njia hii, ambayo katika ramani ni sehemu ya ile barabara ndefu ya Cairo hadi Cape Town, ikawa kweli njia ya biashara kati yetu na Ethiopia.

Sitaki mtu asome barua hii akadhani ninatamani kurudi kule. Niliwahi kumbeba mama mjamzito kutoka Turbi hadi Marsabit, amelazwa juu ya magunia ya mahindi, mumewe akimshika mabega ili asirushwe, na safari hiyo ilituchukua saa tisa. Yeye alifika salama. Wapo ambao hawakufika. Lami imeokoa roho za watu, na anayeibeza hajawahi kulala Dida Galgalu na mgonjwa.

Hata hivyo ile njia mbovu ilikuwa na sheria yake ambayo haikuandikwa popote, nayo ni kwamba gari lililokwama halipitwi. Lori likikutwa kando, lililokuwa nyuma lilisimama, dereva akashuka, akauliza mambo matatu: mnayo maji, mnacho chakula, nani apelekewe habari? Kama hakukuwa na spea ya kufaa, angalau mtungi uliachwa, na ujumbe ukapelekwa kwa mdomo hadi hoteli ya kwanza ya madereva, Laisamis au Turbi. Hatukuwa watu wema kuliko madereva wa leo. Tulikwenda kilomita ishirini kwa saa, na kwa mwendo huo huwezi kujifanya kwamba hukumwona mtu. Tena kila mmoja alijua kuwa kesho ingekuwa zamu yake.

Februari mwaka jana zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa nimebeba saruji ya kupeleka Moyale, pamoja na utingo wangu, kijana wa miaka ishirini na miwili. Saa sita na nusu mchana, tukiwa tumeshaipita Bubisa na Turbi ikiwa bado mbali, sindano ya joto iliruka hadi kwenye wekundu na mvuke ukafoka mbele ya kioo. Mpira wa juu wa radieta ulikuwa umepasuka. Hiyo ni hitilafu ndogo, na kwa vipande vya tyubu na waya tuliufunga mpira ule katika muda wa nusu saa. Kilichotushinda ni maji. Tulikuwa na lita ishirini tu, na radieta ya lori lile inataka zaidi ya hizo; tungeyamimina yote humo tusingebaki na tone la kunywa, ilhali mpira uliofungwa kwa waya haukuwa na dhamana hata ya kilomita tano.

Tuliweka pembetatu za kuakisi mbele na nyuma, tukakaa kwenye kivuli cha lori, ambacho saa ile hakizidi upana wa mkeka. Simu hazikuwa na mtandao. Kijana alipanda juu ya turubai, akanyoosha mkono wenye simu juu kabisa, akageuka pande zote nne, akashuka. Nikaanza kuhesabu magari. Kufikia saa kumi na moja jioni yalikuwa yamepita thelathini na moja: mabasi, malori, magari ya mashirika, magari madogo ya familia. Wengi walipiga honi. Wengine waliwasha taa. Mmoja alipunguza mwendo, kioo kikashuka kiasi cha vidole vinne, chupa ya nusu lita ikaangushwa kando yetu, naye akaenda zake. Nilimwombea heri na bado ninamwombea. Hakuna aliyeuliza yale maswali matatu.

Aliyesimama hakuwa na gari. Alikuwa mama wa Kigabra aliyekuwa akitoka kuteka maji, yeye na mwanawe wa kiume wa kama miaka kumi, wakiswaga punda wawili waliobeba mitungi. Tuliamkiana kwa neno moja la kwao ninalolijua vizuri, nagaa, yaani amani. Aliitazama boneti iliyofunguliwa, akatutazama midomo, wala hakuhitaji maelezo. Kwanza alitoa maziwa katika chombo cha kusukwa, chenye harufu ya moshi, akampa kijana kabla yangu. Kisha akalegeza kamba, akateremsha mtungi mmoja mzima wa lita ishirini, akauweka karibu na gurudumu la mbele. Nilipotoa fedha alikataa kwa mkono, akamhimiza mwanawe, wakaendelea na safari yao. Tulipofika Turbi usiku ndipo nikaelezwa kwamba maji yale yametoka umbali wa nusu siku kwa mguu, na kwamba kaya yake ilikuwa ikiyangoja. Katika wote waliopita pale siku ile, aliyetupa maji ndiye aliyekuwa na maji machache kuliko wengine wote, na jambo hilo linanisumbua hadi leo, kwa sababu lori langu halikupaswa kunywa maji ya watoto wake.

Wale wa magari thelathini na moja sina moyo wa kuwalaumu. Madereva huonywa wasisimame porini, na onyo hilo lina sababu, maana wapo walioibiwa baada ya kusimamishwa na mtu aliyejifanya amekwama, na dereva wa basi mwenye abiria hamsini hana haki ya kuwaweka wote hatarini kwa ajili ya huruma yake. Mimi mwenyewe niliwahi kumpita mtu usiku karibu na Logologo, amesimama kando ya pikipiki akipunga koti. Nilijiambia kwamba huenda ana wenzake kichakani, nikabadilisha gia. Uso wake, nilipouona katika mwanga wa taa, ulikuwa uso wa mtu aliyechoka, basi.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kasi na hofu vimeiondoa ile desturi ya zamani, na hatuwezi kuirudisha kwa kuhubiriana. Kazi iliyokuwa ikifanywa na watu kwa mazoea sasa inapaswa kufanywa kwa mpango na bajeti, kama vile madaraja na mitaro inavyopangwa. Barabara inayopita jangwani bila maji, bila kivuli na bila njia ya kuita msaada haijakamilika, hata kama mstari mweupe umechorwa hadi mpakani.

Naomba nieleze jinsi jangwa linavyofanya kazi juu ya gari na juu ya mtu, kwa kuwa wengi wanaopanga mambo haya huipita njia ile kwa ndege. Lami ya saa saba mchana huko huunguza kiganja ukiigusa. Tairi likizunguka juu yake kwa saa nzima hupata moto, na linaloteseka zaidi ni lile lisilo na pumzi ya kutosha, kwa sababu mbavu zake hujikunja na kujinyoosha kila mzunguko hadi mpira unapikika kwa ndani. Madereva wengi huamini kinyume cha hayo. Wakiliona tairi limekaza kwa sababu ya joto, hulipunguza pumzi kando ya njia. Likipoa hubaki legevu, na kesho yake linapasuka mwendo ukiwa mkali. Pumzi hupimwa asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa kiwango alichokiweka mtengenezaji. Na tairi la mtumba lisinunuliwe kwa kutazama meno yake pekee, kwani mpira uliokaa miaka mingi hukakamaa na kupasukapasuka hata kama meno yangali mapya, na tarehe ya kutengenezwa kwake imepigwa chapa ubavuni, inasomeka.

Jambo jingine ni macho na akili ya dereva. Kutoka Bubisa kwenda mbele, barabara hunyooka mbele yako kama kamba iliyovutwa, na hakuna mti, nyumba wala kona ya kukuonyesha kwamba unatembea. Kilomita 120 kwa saa huonekana kama sitini. Mbele yako mazigazi hutandaza maji ya uongo juu ya lami, na ndani ya maji hayo lori linalokuja huonekana limesimama, au linaelea, au haliko kabisa, hata unashindwa kukadiria kama una nafasi ya kulipita gari lililo mbele yako. Baada ya saa moja ya hali hiyo huja usingizi wa macho wazi: mikono iko kwenye usukani, macho yanatazama, lakini mwenyewe hayupo. Nimewahi kushtuka nikiwa nimepita kilomita nyingi ambazo siwezi kusimulia hata jiwe moja lililokuwa kando yake. Dawa yake ni moja tu, kusimama, kushuka, kunawa uso na kutembea kwa dakika kumi na tano, nayo ndiyo dawa isiyopatikana, kwa kuwa pembezoni mwa barabara hakuna mahali palipotengwa pa kuegesha lori salama, na ukisimama ovyo ukingoni unakuwa wewe mwenyewe kikwazo kwa mwenye usingizi anayekuja nyuma yako.

Upepo nao una nguvu zake. Huvuma kutoka mashariki na kusini mashariki, hasa usiku na asubuhi, na ni wa jamii ileile ya upepo unaozungusha ile mitambo 365 ya umeme kule Loiyangalani, katika kaunti hiyohiyo ya Marsabit. Lori refu tupu linalorudi kusini hupigwa ubavu wa kushoto na kusukumwa kuelekea upande wa wanaokuja, na dereva mgeni akiurudisha usukani kwa pupa, upepo ukikatika ghafla nyuma ya kilima anajikuta mtaroni. Na kuna ukungu wa Marsabit, ambao humpokea mtu aliyetoka kwenye moto wa Kaisut chini ya saa moja iliyopita.

Kuhusu mifugo ningependa kusema kwa kirefu kidogo, kwa sababu wasafiri wa kusini huwalaumu wafugaji kwa jambo ambalo wafugaji hawakulianzisha. Warendile, Wasamburu, Wagabra na Waborana walikuwa wakivuka pale kabla ya barabara kuwapo. Malisho yako upande huu, kisima kiko upande ule, na lami imepita katikati. Ngamia huvuka asubuhi kwenda kunywa na kurudi jioni, wakati jua liko usawa wa macho ya dereva na vumbi limeinuka. Usiku punda na ngamia hupenda kulala juu ya lami, kwa kuwa huhifadhi joto la mchana wakati mchanga umeshapoa. Ngamia ni mrefu wa miguu: gari dogo likimgonga, mwili wake hauanguki mbele bali huja juu ya boneti na kuingia kupitia kioo, na ndiyo maana ajali za namna hiyo huua waliokaa mbele hata kwa mwendo ambao ungemwacha mtu hai kama angegonga ng'ombe. Kwa mwenye ngamia, mnyama yule mmoja ni karo ya mtoto ya mwaka, tena ni maziwa ya nyumba nzima, na katika ile miaka ya ukame kuanzia mwisho wa 2020, mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu hadi 2022, tulipita kando ya mizoga iliyolala pembeni mwa njia kwa kilomita kadhaa. Waliosalia ndio waliokuwa wakivukishwa barabara kwenda kutafuta maji. Kumwambia mtu wa hali hiyo asivuke ni kumwambia asiishi. Jambo la busara ni kukaa na wazee wa kila eneo, waonyeshe njia zao za kuvukia, hapo pawekwe vibao vikubwa vinavyong'aa usiku na matuta ya kutahadharisha, na mahali panapowezekana yachimbwe mabwawa pande zote mbili ili mnyama asilazimike kuvuka kila siku.

Ombi langu kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu (KeNHA) na kwa serikali za kaunti za Isiolo, Samburu na Marsabit ni la mambo ambayo hayahitaji utaalamu wa kutoka mbali. Pawekwe vituo vya mapumziko vyenye tangi la maji, kivuli, choo na nafasi ya malori kuingia na kutoka bila kurudi nyuma, visipishane kwa zaidi ya kilomita sitini. Nakumbuka wakati wa ujenzi malori ya maji yalipita mchana kutwa yakinyunyizia udongo ili ushindiliwe. Maji ya kunywesha udongo yalipatikana kila siku kwa miaka, katika jangwa hilihili. Siwezi kuamini kwamba maji ya kunywesha watu hayawezi kupatikana. Tena matangi hayo yasiwe ya wasafiri pekee. Yakiwa na bomba upande wa wenyeji, wakachaguliwa akina mama wa mahali hapo kuyasimamia na kuuza chai, maziwa na kivuli, yatalindwa kuliko yakipewa mlinzi wa mshahara kutoka mjini.

Pamoja na hayo, ziwekwe nguzo za kilomita zenye namba kubwa, pande zote mbili na kwa njia yote, namba ambazo mtu aliyetikiswa na ajali anaweza kuzisoma usiku kwa taa ya simu. Anayepiga 999 au 112 huulizwa yuko wapi, na jibu la dereva wa njia hii huwa ni la kusikitisha: nimepita mlima, kuna mti mmoja, sijafika Turbi. Gari la wagonjwa haliwezi kutafuta mti mmoja katika kilomita mia. Na kwa kuwa hospitali zenyewe ziko mbalimbali, ile ya misheni Laisamis, ya kaunti Marsabit, ya misheni Sololo iliyo nje kidogo ya barabara kuu, kisha Moyale, kila dakika inayopotea katika kutafutana ni damu ya mtu inayomwagika juu ya lami. Palipo na pengo la mtandao pawekwe kibao kinachosema kwamba simu haitashika kwa kilomita kadhaa zijazo, ili anayehisi gari lina kasoro asimame kabla ya kuingia. Kibao hicho kinagharimu kidogo kuliko mnara, na mnara unaweza kufuata.

Kwa wenye mabasi na malori nina neno fupi. Kutoka Nairobi hadi Moyale ni takriban kilomita 780, na mwendo wa mabasi na malori kisheria hauzidi kilomita 80 kwa saa. Anayempa dereva mmoja ratiba ya kuufikia mpaka asubuhi na kugeuza jioni hiyohiyo amekwisha kumwagiza avunje sheria, hata kama mdomoni anamwambia aendeshe polepole. Wapo pia vijana wanaobebwa juu ya vyuma vya malori ya mifugo, juu ya migongo ya ng'ombe, usiku kucha, kwa nauli ndogo. Nilisafiri hivyo nikiwa kijana na nilimwona mwenzangu akianguka karibu na Sereolipi. Polisi wa vizuizini wanawaona vijana hao, kwa sababu hakuna mahali pa kuwaficha.

Na kwenu mnaofunga mizigo kwa ajili ya Desemba: kila mtu abebe lita kumi za maji ya kunywa, na maji ya gari yawe mbali na hayo. Jazeni mafuta Isiolo na tena Marsabit, hata kama tangi bado liko nusu. Ondokeni Marsabit asubuhi, jua likiwa limechomoza na ukungu umepanda, msiendeshe baada ya magharibi, na mkiharibikiwa msiliache gari kwenda kutafuta msaada kwa miguu, kwa kuwa gari huonekana kutoka mbali kuliko mtu, na kivuli chake ni hicho hicho mlicho nacho. Mkiweka mawe barabarani kuwaonya wengine, yaondoeni kabla ya kuondoka. Nimeona magari mengi yaliyopinduka kwa mawe ya mtu aliyekwisha kufika kwake. Mkimkuta aliyekwama na mnaogopa kusimama, basi punguzeni mwendo, mwachieni maji, tazameni mahali alipo, na mkifika kijiji cha kwanza mseme.

Kama fedha zilizopo ni za kituo kimoja tu kwa sasa, napendekeza kianze kati ya Bubisa na Turbi, mahali ambapo wazee wa Kigabra wataonyesha njia zao za mifugo zinapokutana na lami, tangi liwe na bomba mbili, moja likielekea barabarani na jingine likielekea nyikani, na lile la nyikani liwe na kimo ambacho mtoto wa miaka kumi anaweza kuweka mtungi wake chini yake bila kumwita mama.

Wako,
Dereva wa masafa marefu,
Isiolo